Tembo wa Nakuru: namna Nakumatt ilivyokua hadi nchi nne, na nani alibaki na deni

Wiki jana, pale soko kuu la Butembo, mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Lubero alinishika mkono na kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake karibu. Yeye anauza maharagi. Miezi miwili iliyopita alipelekea alimantasio moja ya hapa mjini gunia la kilo 100, kwa mapatano ya kulipwa baada ya siku 30. Siku 30 zikaisha, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa arudi tena. Sasa mlango una kufuli kubwa, na mlinzi anasema patron amesafiri. Jina la duka silitaji, kwa sababu sijamsikia mwenyewe. Lakini swali la mama ni hili: «Mwanangu wa redio, duka linajaa watu kila siku, watu wananunua, wanalipa. Linafungaje?»

Nilimwambia nitamletea jibu, na jibu lenyewe nimelikuta mbali kidogo na hapa, kwenye barabara ambayo wafanyabiashara wetu wanaijua vizuri. Malori yanayotoa bidhaa bandarini Mombasa na kuzileta mpaka wetu wa Kasindi yanapita Nairobi, kisha yanapita mji mmoja unaoitwa Nakuru, ndipo yanaelekea Malaba na Uganda. Ni katika mji huo wa Nakuru lilipozaliwa duka ambalo kwa miaka mingi lilikuwa fahari ya Afrika Mashariki yote: Nakumatt. Wengi wenu mliowahi kufika Kampala, Kigali au Nairobi mnaikumbuka alama yake ya tembo.

Jina lenyewe linaeleza asili yake. Naku ni Nakuru, na matt ni magodoro. Familia ya Shah, Wahindi wa Kenya, ilikuwa na biashara ya magodoro pale Nakuru. Pamoja na magodoro waliweka nguo, vyombo, chakula, na kidogo kidogo duka la magodoro likawa duka la kila kitu. Kampuni ya Nakumatt inahesabu mwanzo wake mwaka 1987. Aliyeiongoza katika miaka ya ukubwa wake ni Atul Shah, mtoto wa familia hiyo, na chini yake duka lilihamisha kichwa chake Nairobi na kuanza kuzaa matawi.

Wakati ule, mfalme wa supamaketi za Kenya alikuwa mwingine. Aliitwa Uchumi, duka lililoanzishwa mwaka 1975 kwa pesa za mashirika ya serikali ili raia wapate bidhaa kwa bei nafuu. Uchumi ilikuwa ya kwanza na kubwa, lakini mwaka 2006 ilishindwa na madeni, ikafunga milango na kuwekwa chini ya usimamizi. Baadaye iliamshwa tena, ila nafasi yake ya mbele ilikuwa imekwisha kwenda. Nakumatt ndiyo iliyoikalia.

Na Nakumatt haikukaa kama duka la kawaida. Ilikodi nafasi katika majengo makubwa mapya ya maduka yaliyokuwa yanaota Nairobi kama uyoga. Baadhi ya matawi yake yalifungua saa 24, mchana na usiku, jambo ambalo watu wa kwetu, tunaofunga saa kumi na mbili kwa hofu ya usalama, tunalisikia kama hadithi. Mteja alipewa kadi. Kila aliponunua alipata pointi, na pointi zikawa pesa. Neno lao la tangazo lilikuwa, kwa maana yake, «unakihitaji, sisi tunacho». Mwenye jengo jipya alipotaka watu waje, alianza kwa kuitafuta Nakumatt. Tembo akiingia, wengine wote wanafuata.

Mwaka 2008 ilivuka mpaka, ikafungua Kigali. Mwaka 2009 ikafika Kampala. Mwaka 2011 ikaingia Tanzania kwa mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro. Halafu mwaka 2014 ikafanya jambo lililoonyesha kwamba tembo ameota pembe: Shoprite, kampuni kubwa ya Afrika Kusini, ilikuwa inaondoka Tanzania, na Nakumatt ikachukua maduka yake matatu, Dar es Salaam na Arusha. Duka la magodoro la Nakuru lilikuwa linanunua maduka ya Waafrika Kusini! Watu wengi wa Afrika Mashariki walifurahi siku ile, na mimi sioni ubaya wa furaha hiyo.

Mara yangu ya kwanza kuiona ilikuwa Kampala, katika jengo la Oasis Mall. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uandishi wa habari si muda mrefu, nimetumwa kutafuta kinasa sauti kwa bei ya Kikuubo, pale ambapo wafanyabiashara wetu wa Butembo wanajaza mabalo yao. Rafiki akaniambia, njoo uone duka. Nilisimama mbele ya mabati ya sabuni peke yake, marefu kama uwanja wa kanisa, nikajiuliza: sabuni zote hizi, nani amezilipa? Nilijibu mwenyewe kwamba bila shaka ni tajiri mwenye duka. Nilikosea, na kosa langu ndilo kiini cha habari hii.

Tuende polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la mama yetu.

Supamaketi kubwa hailipi bidhaa siku inapozipokea. Mwenye kiwanda cha sabuni analeta sabuni yake, anaacha fakture, anaambiwa atalipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Tuseme siku 60. Sabuni inakaa dukani siku 10 tu, inanunuliwa yote, na mteja analipa pesa mkononi. Sasa hesabu: duka limeshika pesa siku ya 10, na deni litalipwa siku ya 60. Kwa siku 50 pesa ya mtu wa sabuni inalala katika mfuko wa duka. Zidisha hiyo kwa mtu wa unga, wa mafuta, wa maziwa, wa mikate, wa vitabu vya shule, mamia ya watu. Huo ni mlima wa pesa, na duka halikuukopa benki wala halilipii faida. Hakuna wizi katika hilo. Ndivyo biashara hiyo inavyotembea dunia nzima, na ikitunzwa vizuri kila mtu anakula.

Ubaya unaanza pale ambapo mwenye duka anautazama mlima ule na kusema: hii ni yangu. Anachukua pesa ya sabuni, anajenga mabati ya tawi jipya. Tawi jipya linahitaji kodi, umeme, mishahara, na miaka kadhaa kabla halijaleta faida. Siku ya 60 inafika. Pesa ya sabuni iko ndani ya saruji. Basi anamlipa mtu wa sabuni kwa pesa ya mtu wa unga, na mtu wa unga anaambiwa arudi. Maadamu matawi yanaongezeka, pesa mpya inaingia na hakuna anayeona. Siku ukuaji unaposimama, mambo yote yanaonekana kwa mara moja.

Nakumatt iliongeza juu ya hayo mikopo ya benki na hati za mkopo wa muda mfupi, zile karatasi ambazo wenye pesa wananunua ili warudishiwe na faida baada ya miezi michache. Kujenga maduka ya miaka ishirini kwa pesa ya miezi sita ni sawa na mtu anayejenga nyumba ya matofali kwa likelemba: zamu yako ikipita, wenzako wanataka zao, na nyumba haijapata hata bati.

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana tembo huyu alipigwa pia na mambo ambayo hakuyatafuta. Januari 28, 2009, moto uliteketeza tawi lake la katikati ya Nairobi, na watu zaidi ya 20 walikufa mle ndani. Septemba 21, 2013, watu wenye silaha wa al-Shabaab waliingia jengo la Westgate, Nairobi. Nakumatt ndiyo ilikuwa duka kubwa la jengo lile. Watu wasiopungua 67 waliuawa, wengi wakiwa wametoka tu nyumbani kununua chakula cha Jumamosi. Sisi wa Beni na Lubero hatuhitaji kuelezwa maana ya kutoka asubuhi kwenda kutafuta chakula na kutorudi. Jengo lilifunguliwa tena mwaka 2015, na Nakumatt ilirudi mle ndani. Wakati huo ilikuwa inaelekea matawi zaidi ya 60 katika nchi nne.

Mwaka huo huo wa 2015 onyo lilipita mlangoni. Uchumi, ile iliyoamshwa kutoka wafu, ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania kwa siku moja, na wasambazaji wa nchi hizo wakabaki na fakture mkononi. Kuanzia hapo kila mtu mwenye kuleta bidhaa Afrika Mashariki alianza kulala jicho moja wazi. Na mwaka 2016 mgeni mwingine alibisha hodi Nairobi: Carrefour, jina la Kifaransa, lakini pale linaendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai.

Mwaka 2017 ukaja. Mtu wa maziwa akasema: kwanza nilipe, ndipo nilete. Halafu wa mkate. Halafu wa sabuni. Hili ndilo jambo la ajabu la biashara hii, mama: wateja ndio wanaondoka wa mwisho. Kwanza anaondoka mwenye kuleta. Mabati yanapungua, wafanyakazi wanapanga chupa chache mstari wa mbele ili nyuma pasionekane patupu. Mteja anakuja na orodha ya vitu kumi, anapata vitatu, kesho haji. Pesa ya kila siku inapungua, kwa hiyo wanaolipwa wanapungua, kwa hiyo bidhaa zinapungua tena. Wenye majengo waliodai kodi wakaenda mahakamani, wakaanza kuitoa tawi kwa tawi. Uganda ikafungwa. Rwanda pia. Maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, wengine wakidai mishahara ya nyuma.

Hapo kati Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, ilijitokeza kutaka kuungana na Nakumatt. Nikupe kichekesho: jina la kampuni ya Tuskys katika vitabu lilikuwa Tusker Mattresses. Nayo ilitoka kwenye magodoro, tena upande ule ule wa Nakuru. Ndoa hiyo ya magodoro mawili haikufika mbali. Januari 2018 mahakama ya Nairobi iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, Peter Kahi, kazi yake ikiwa kuona kama mgonjwa anaweza kupona. Madeni yalikuwa yamepita shilingi za Kenya bilioni 30, na waliodai sehemu kubwa walikuwa wasambazaji.

Msimamizi alijaribu karibu miaka miwili. Nafasi nzuri katika majengo zilikwisha kuchukuliwa na wengine. Carrefour iliingia mahali pa tembo katika Thika Road Mall na pale Junction. Shoprite, ile ile iliyouza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt, ilikuja Nairobi na kukalia nafasi ya Nakumatt Westgate. Haikudumu, mwaka 2020 ilitangaza kuiacha Kenya. Hata huku kwetu iliingia Kinshasa mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ikasema inaondoka. Kwa hiyo tusifikiri kwamba ni pesa za familia za Afrika Mashariki tu zinazoshindwa.

Mwisho yalibaki maduka sita. Sita, kutoka zaidi ya 60. Aliyeyanunua ni Naivas, kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Nakumatt ikaishia hapo.

Naivas ni nani? Ilianza mwaka 1990 kama duka dogo la kujihudumia lenye jina la mji wa Naivasha, jirani na Nakuru kwenye barabara ile ile ya malori yetu. Mwanzilishi wake, Peter Mukuha Kago, alikuwa ndugu wa mwenye Tuskys. Ukitazama ramani utashangaa: maduka matatu makubwa ya Kenya yalichipuka katika kipande kimoja cha barabara. Miaka yote ambayo tembo alikuwa anavuka mipaka, Naivas ilibaki nyumbani. Haikufungua Kampala wala Kigali. Watu waliiona kama duka la watu wa kawaida, lisilo na mbwembwe. Tuskys nayo ilianza kufunga matawi mwaka 2020, kwa ugonjwa ule ule wa fakture zisizolipwa, na Naivas ikapata wateja wa wote wawili.

Lakini hata Naivas haikubaki ya familia. Mwaka 2022 kampuni ya IBL kutoka kisiwa cha Morisi, pamoja na mashirika ya fedha ya Ufaransa na Ujerumani, ilichukua hisa asilimia 40. Mwaka uliofuata wakaongeza hadi asilimia 51. Maana yake, wakubwa wa maamuzi sasa hawakai Nairobi. Wapo wanaosema ni hasara kwa Wakenya. Mimi naona mtu wa maziwa wa Nyandarua hajali bosi anakaa kisiwa gani, anajali fakture yake inalipwa siku ya ngapi. Kenya yenyewe ilifikia wazo hilo: mwaka 2019 bunge lilirekebisha sheria ya ushindani ili mnunuzi mkubwa anayemkalisha mwenye mali bila malipo aweze kuadhibiwa.

Wazee wetu watasema hili si geni. Novemba 30, 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa Wazaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi hapa Kivu yakapata wenye wapya, waliokuja kuitwa akereri. Wazee wanasimulia namna siku za kwanza zilivyokuwa sherehe. Mwenye mpya aliuza kila kilichokuwa kwenye mabati, akanunua gari, akaoa mke wa pili, na alipotaka kujaza tena akakuta hana pesa wala hamjui mtu wa kumkopesha mali. Kufikia 1976 serikali ilikuwa inawaita wenye wa zamani warudi. Tofauti ni kubwa: wale walipewa duka bure kwa amri ya mkuu, na Shah walilijenga kwa mikono yao. Lakini mabati yalikauka kwa njia ile ile. Waliona pesa ya mauzo, wakasahau kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa ya kununua mzigo unaofuata.

Juzi nilirudi sokoni kumpelekea mama jibu lake. Nilimkuta amekaa kwenye bido tupu, pembeni yake wanawe wawili wanachambua maharagi ya mtu mwingine kwa malipo ya siku. Nilimweleza yote, kuanzia magodoro. Alisikiliza bila kunikata, mpaka nilipofika kwenye yale maduka sita.

«Basi waliokuwa wanadai walilipwa?»

Nikatoa simu tukapiga hesabu pamoja. Tuseme ile milioni 422 yote ingegawiwa wadai kwa usawa, jambo ambalo haliwi, kwa sababu gharama za msimamizi, wafanyakazi, kodi za serikali na benki zenye dhamana zinatangulia, na mwenye kuleta bidhaa bila dhamana anakaa mwisho wa mstari. Lakini tuseme. Milioni 422 juu ya bilioni 30 ni kama shilingi moja na senti 40 kwa kila shilingi 100 za deni.

Hakuelewa shilingi za Kenya, kwa hiyo nikabadilisha hesabu kuwa maharagi. Katika gunia lake la kilo 100, angerudishiwa kilo moja na gramu 400 hivi.

Akanyamaza. Mwanawe mkubwa akaacha kuchambua akatutazama. Halafu mama akacheka, kicheko kile cha watu waliokwisha kulia vya kutosha, akauliza: «Na gunia lenyewe, wangenirudishia?»

Kabla sijaondoka aliniambia kwamba kuna alimantasio nyingine, upande wa juu, imemtumia mtu kuuliza kama anaweza kuleta maharagi. Wanalipa baada ya siku 15, wanasema. Amewajibu atapeleka kilo 20, waone, na akishalipwa atapeleka 20 nyingine. Wao wanataka gunia zima. Wamekubaliana azungumze na mwenye duka mwenyewe Jumatatu, na ameniomba nimsindikize nikiwa na kalamu.